MRI ya ubongo kwa mtoto mwenye tuberasi sklerosisi: sikwensi gani, SEGA ipimwe vipi, na kifafa kinasomwaje

FundiKoili (mwanzisha mada)

Habari za kazi wakuu. Naomba mnisaidie kupanga MRI ya ubongo ya mtoto wa kiume, miezi 14, kilo 10. Tuberasi sklerosisi (TSC, ugonjwa wa jeni unaoleta vinundu na uvimbe ubongoni, moyoni, ngozini na figoni) imeshathibitishwa kwa kipimo cha jeni, badiliko liko kwenye jeni la TSC2. Moyoni ana rabdomayoma (uvimbe wa misuli ya moyo) zilizoonekana tangu akiwa tumboni, na ngozini ana mabaka meupe 6. Mishtuko ya kujikunja ilianza akiwa na miezi 5 ikatulia kwa dawa ya kifafa ya vigabatrini, lakini wiki hizi kuna vipindi vipya: mkono wa kulia unakaza, macho yanageukia kulia, sekunde 20 hadi 30.

MRI ya kwanza ilipigwa akiwa na miezi 4. Slaisi zilikuwa za 5 mm zenye nafasi ya 1 mm katikati, sikwensi (aina za picha) za T1, T2 na FLAIR, bila kontrasti (dawa ya kung'arisha picha). Ripoti ilisema kuna vinundu kadhaa kwenye kuta za ventrikali (vyumba vya maji ya ubongo) za pembeni, kikubwa 6 mm karibu na tundu la Monro (njia ya maji kutoka ventrikali ya pembeni) la kulia, na kwamba "gamba la ubongo halina dosari". Ombi la sasa lina mstari mmoja tu: "MRI ubongo, TSC, kifafa."

Mashine ni tesla 1.5, koili ya kichwa chaneli 8. Nataka kujua nipige sikwensi gani na kwa mpangilio upi, kontrasti ni lazima au la, na kile kinundu cha 6 mm nikipime vipi ili mwakani mtu mwingine aweze kulinganisha. Pia, idadi ya tyuba (sehemu za gamba zilizojengeka vibaya) inamwambia daktari chochote kuhusu kifafa na maendeleo ya akili?

Msomapicha

Mkuu, anza na hiyo "gamba halina dosari". Usiiamini mpaka uifungue picha yenyewe.

Akiwa na miezi 4, mada nyeupe ya ubongo bado haijavishwa mayelini (ala ya mafuta ya nyuzi za neva). Ina maji mengi, kwa hiyo kwenye T2 yote inang'aa. Tyuba iliyokaa mpakani mwa gamba na mada nyeupe haiwezi kuonekana kama doa jeupe juu ya kitu ambacho tayari ni cheupe. Katika umri huo inakuwa kinyume: nyeupe kwenye T1, nyeusi kidogo kwenye T2. Msomaji aliyezoea watoto wakubwa anatafuta doa linalong'aa kwenye FLAIR, halioni, anaandika hakuna kitu. Fungua T1 ya zamani, punguza upana wa dirisha mpaka tofauti ndogo zijitokeze, kisha pita polepole juu ya kila mkunjo wa gamba. Mkunjo wenye tyuba huwa mnene, umevimba kidogo, na chini yake kuna weupe hafifu unaochongoka kuelekea ventrikali kama kabari. Mara nyingi kutoka hapo kuna mchirizi mwembamba kama uzi unaoshuka hadi ukutani mwa ventrikali. Huo ni mchirizi wa njia ya uhamaji wa seli, na kwa vigezo vya kimataifa vilivyohuishwa 2021 tyuba nyingi na/au michirizi hiyo huhesabika pamoja kama dalili kuu moja. Vinundu 2 au zaidi vya ukutani mwa ventrikali ni dalili kuu nyingine, na SEGA (uvimbe unaokua ukutani mwa ventrikali, nitaueleza) nyingine tena. Kwa mtoto wako jeni imeshamaliza ubishi wa utambuzi, kwa hiyo MRI hii si ya kuthibitisha ugonjwa. Ni ya kuweka msingi ambao kila picha ijayo italinganishwa nao.

Tatizo la miezi 14 ni jingine. Mayelini iko njiani. Takriban kati ya miezi 6 na 24 kuna kipindi ambacho tyuba na mada nyeupe vinalingana rangi, na tyuba iliyoonekana wazi akiwa mchanga inajificha kabisa. Baadaye, mayelini ikikamilika, inarudi ikiwa nyeupe kwenye T2 na FLAIR. Kwa hiyo katika umri huu ripoti isiandike "hakuna tyuba". Iandike "tyuba hazikuonekana; kiwango cha mayelini kinaweza kuzificha; irudiwe baada ya umri wa miaka 2 hadi 3". Sentensi hiyo inaweza kumwokoa mtoto na uamuzi mbaya wa upasuaji au wa kutofanyiwa upasuaji.

Mpangilio wangu kwa mtoto huyu, nikianza na kile ambacho sitaki kukikosa akiamka kabla ya wakati:

1. T1 ya pande tatu, vokseli 1 mm kila upande, bila nafasi kati ya slaisi. Hii ndiyo mama ya uchunguzi. Dakika 4 hadi 6.
2. T2 aksiali na koronali, slaisi 2 hadi 3 mm.
3. SWI, kwa ajili ya kalisi.
4. DWI pamoja na ramani ya ADC (mwendo wa maji ndani ya tishu).
5. FLAIR ya pande tatu, 1 mm. Chini ya miaka 2 haisemi mengi, lakini usiiache, kwa sababu ndiyo utakayolinganisha nayo akiwa na miaka 3.
6. T1 yenye mhamisho wa usumaku, kama mashine inayo. Inafifisha mada nyeupe ya kawaida, na michirizi pamoja na tyuba hujitokeza kwa namna ambayo T1 ya kawaida haiwezi.

Koili ya chaneli 8 inatosha. Ukiwa na ya 32 itakuongezea ubora kwenye gamba, ila kosa kubwa la picha ya kwanza halikuwa koili, lilikuwa slaisi za 5 mm zenye nafasi. Kinundu cha 6 mm kinaweza kukatwa na slaisi moja tu, na ile 1 mm iliyorukwa ikala ukingo wake. Kwa hiyo hata hiyo 6 mm ichukue kama makadirio.

Usisahau kushuka hadi ubongo mdogo. Serebela nayo hupata tyuba kwa sehemu ya wagonjwa, mara nyingi zenye umbo la kabari, na hizi, tofauti na za juu, zinaweza kuvuta kontrasti na kubadilika ukubwa kadiri miaka inavyokwenda. Ukikutana nazo bila kulijua hilo utaandika uvimbe wa saratani.

NevaWatoto

Naunga mkono yote ya Msomapicha, niongeze upande wa kifafa maana swali la mwisho la mwanzisha mada ndilo wazazi wanaloliuliza kila siku.

Idadi ya tyuba ina uhusiano na ukali wa ugonjwa ukitazama kundi kubwa la wagonjwa. Kwa mtoto mmoja mmoja haitabiri. Yupo mwenye tyuba nyingi anayesoma vizuri, na yupo mwenye chache ambaye kifafa hakikamatiki. Kinachoharibu maendeleo zaidi ni kifafa kuanza mapema na kuchelewa kudhibitiwa, hasa mishtuko ya kujikunja. Ndiyo maana mapendekezo ya kimataifa yanataka mtoto mwenye TSC ambaye bado hajaanza degedege apimwe EEG (kipimo cha umeme wa ubongo) kila wiki 6 mpaka atimize mwaka mmoja, kisha kila miezi 3 mpaka atimize miaka 2. Umeme wa ubongo huanza kuharibika kabla mwili haujaonyesha.

Aina ya tyuba ina maana kuliko hesabu. Tyuba yenye kitovu cheusi kwenye FLAIR na ukingo mweupe, yaani iliyooza katikati kama kifuko cha maji, huhusishwa na kifafa kikali zaidi pamoja na usonji. Ripoti iitaje hivyo, na itaje mkunjo iliko. Kuandika "tyuba nyingi pande zote mbili" hakumsaidii mtu anayepanga upasuaji.

Sasa vipindi vya huyu mtoto. Mkono wa kulia unakaza, macho yanakwenda kulia: chanzo kinatafutwa upande wa kushoto, sehemu ya mbele ya ubongo ikiwa ya kwanza kushukiwa. Andika hilo kwenye karatasi ya mashine kabla ya kupiga, ili msomaji alichunguze eneo hilo mara mbili. Kama kuna tyuba pale na EEG inaonyesha cheche pale pale, tuna mwelekeo. Tyuba kubwa kuliko zote si lazima iwe yenye kosa. ADC iliyo juu ndani ya tyuba moja kuliko wenzake ni kidokezo kwamba ndiyo inayowasha. PET ya glukosi (picha ya matumizi ya sukari ubongoni) ikipatikana huonyesha eneo lililopoa, na likiwa pana kuliko tyuba yenyewe linatia shaka zaidi. Dawa mbili zilizochaguliwa vizuri zikishindwa, mtoto apelekwe kwenye tathmini ya upasuaji. Kuwa na tyuba nyingi hakumfungii mlango.

Kitu kimoja ambacho kimewahi kuleta taharuki: mtoto anayetumia vigabatrini anaweza kuonyesha weupe unaolingana pande zote mbili kwenye thalamasi, globasi palidasi, shina la ubongo na viini vya dentati, kwenye T2 na DWI. Ni athari ya dawa, huonekana zaidi kwa wachanga na kwa dozi kubwa, na kwa kawaida hufutika dozi ikipunguzwa au dawa ikiachwa. Kama karatasi ya ombi haikutaja dawa, msomaji ataandika ugonjwa wa mitokondria na familia itaanza safari ya vipimo isiyo ya lazima. Kwa hiyo dawa zote na dozi zake ziandikwe kwenye ombi. Ule mstari mmoja, "MRI ubongo, TSC, kifafa", urudishwe kwa aliyeuandika.

FundiKoili

Asante sana madaktari. Nimefungua T1 ya zamani kama mlivyoelekeza: upande wa kushoto mbele kuna mkunjo mmoja mnene wenye weupe chini yake, na uzi unaoshuka. Haukutajwa kabisa kwenye ripoti.

Bado nina kitendawili cha kinundu. Wasomaji wawili wamekipima kwenye picha ile ile: mmoja 6 mm, mwingine 7.5 mm. Sasa MRI mpya ikitoa 8, nitajuaje kama kimekua au ni mkono wa mpimaji? Na kontrasti hamjaigusa.

Msomapicha

Hapo ndipo picha nyingi za TSC zinaharibika.

Kwanza jina. SEGA ni kinundu kilichoko kwenye mfereji kati ya kiini cha kaudati na thalamasi, karibu na tundu la Monro, kinachozidi sm 1 upande wowote. Au kinundu chochote cha ukutani mwa ventrikali, popote kilipo na kwa ukubwa wowote, ambacho kimeonekana kukua kwenye picha zinazofuatana. Kuvuta kontrasti peke yake hakukifanyi kiwe SEGA. Vinundu vya kawaida navyo huvuta, na vikishajaa kalisi huonekana vyeusi kwenye SWI, vimejipanga ukutani kama matone ya nta ya mshumaa. Kukua ndiko kunakobeba jina. SEGA hupatikana kwa takriban asilimia 5 hadi 15 ya wagonjwa, na hukua hasa utotoni na ujanani. Kwa hiyo mapendekezo ni MRI kila mwaka 1 hadi 3 hadi umri wa miaka 25 kwa asiye na dalili. Aliyeonekana na SEGA utotoni anaendelea kufuatiliwa maisha yote.

Namna ya kupima: tumia T1 ya pande tatu peke yake, panga upya slaisi zilingane na mstari unaounganisha komisura ya mbele na ya nyuma, kisha pima kipenyo kirefu aksiali, cha pili kikiwa wima kwa hicho, halafu urefu wa juu-chini kwenye koronali. Zidisha vyote vitatu, gawanya kwa 2. Kinundu cha 9 × 8 × 7 mm kina takriban milimita za ujazo 252. Mwakani kikiwa 12 × 10 × 9 kitakuwa 540, zaidi ya mara mbili, ingawa kwa kutazama kipenyo kirefu peke yake utasema "kimeongezeka 3 mm" na hakuna atakayeshtuka. Hata kutoka 6 hadi 8 mm kwa kitu cha mviringo, ujazo unazidi mara 2.3.

Upande wa pili, tofauti ya 1 mm kwenye slaisi za 5 mm haina maana yoyote. Picha yako ya miezi 4 haiwezi kuthibitisha ukuaji mdogo, kwa sababu hata wasomaji wawili hawakubaliani juu yake. Chukua MRI hii mpya kama mwanzo halisi, hifadhi picha za skrini zenye mistari ya kupimia, andika namba za slaisi, na mpimaji wa mwakani apime ya zamani na mpya kwa mkono mmoja, siku moja. Kulinganisha na namba iliyoandikwa kwenye ripoti ya mtu mwingine ndiyo njia ya uhakika ya kukosea. Na kwa kuwa kinundu hiki kiko kwenye tundu la Monro, usingoje miaka 3. Miezi 6 hadi 12 inafaa. Pima pia upana wa ventrikali za pembeni na utaje kama ya kulia imezidi ya kushoto, kwani tundu likianza kuziba upande mmoja, ventrikali ya upande huo ndiyo inayotangulia kuvimba.

Kontrasti: kwa picha hii ya msingi naitumia, maana ya kwanza haikuwa nayo. Kipimo ni 0.1 mmol kwa kilo, kwa kilo 10 ni mmol 1. Ukitumia gadolini (ndiyo dawa ya kontrasti) ya mzunguko iliyofungwa imara yenye mmol 0.5 kwa mililita, ni mililita 2 tu, kisha sukuma kwa maji ya chumvi. T1 ya pande tatu irudiwe baada ya hapo kwa mipangilio ile ile. Figo zipimwe kwanza, kwani TSC huzishambulia nazo.

NevaWatoto

Hapo kwenye kontrasti nina neno kidogo, daktari. Kwa picha ya kwanza sawa. Lakini nimeona mafaili ambayo mtoto amepewa gadolini kila ufuatiliaji, mara 6 au 7 kabla ya miaka 10, wakati kilichokuwa kinatafutwa ni ukuaji tu. Ukuaji unapimika bila kontrasti ukiwa na slaisi za 1 mm. Irudishwe pale kinundu kinapobadilika sura, pale upasuaji unapopangwa, au serebela inapotia shaka.

Msomapicha

Hatuna ubishi hapo, ndivyo ninavyofanya. Niliitaja kwa ajili ya msingi pekee.

MwanaUsingizi

Mniruhusu wa nusukaputi niseme, maana mnapanga dakika 40 za mashine kwa mtoto wa miezi 14 mwenye rabdomayoma.

Kabla ya siku hiyo: ekokadiografia (picha ya moyo) na ECG (umeme wa moyo) ya karibuni. Rabdomayoma mara nyingi hupungua zenyewe, ila zinaweza kuacha njia ya ziada ya umeme wa moyo na mapigo yakachafuka chini ya dawa ya usingizi. Kufunga: maji matupu asipewe ndani ya masaa 2 kabla ya usingizi, maziwa ya mama masaa 4, maziwa ya kopo au chakula masaa 6. Dawa za kifafa asubuhi hiyo anapewa kama kawaida kwa maji kidogo. Kosa linalojirudia ni muuguzi kuandika "asipewe chochote kwa mdomo" na dawa za kifafa zikarukwa pamoja na uji, kisha degedege linaanza mlangoni mwa mashine.

La pili: akiwa amelala tayari, mpige na tumbo. MRI ya figo iko kwenye ratiba ya ufuatiliaji wa TSC kila mwaka 1 hadi 3, kwa nini alazwe mara mbili? Omba vibali vyote viwili pamoja. Kama figo zina vifuko vingi tangu utotoni, fikirieni jeni la jirani la PKD1 (la ugonjwa wa figo zenye vifuko) kuwa limekatika pamoja na TSC2, na hapo inafaa kuongeza picha ya mishipa ya damu ya ubongo bila kontrasti kutafuta anurismu (mshipa uliovimba).

FundiKoili

Nimeandika yote. Swali la mwisho: akiletwa usiku anatapika na analala sana kabla ya tarehe hii ya MRI, nifanye kipi kwanza?

NevaWatoto

Usisubiri MRI. Kutapika, usingizi usio wa kawaida, utosi kujaa, macho kushindwa kutazama juu, degedege kuongezeka ghafla au mtoto kubadilika tabia kwa siku chache: hayo ni maji ya ubongo kuzibwa mpaka ithibitike vinginevyo. Piga CT isiyo na kontrasti mara moja. CT haioni tyuba vizuri, lakini ventrikali zilizovimba na uvimbe kwenye tundu la Monro itaviona kwa sekunde. Asichomwe sindano ya uti wa mgongo kabla ya picha. Akiwa na dalili kali, njia ni upasuaji. Everolimusi (dawa ya kupunguza uvimbe huo) inafaa kwa SEGA inayokua bila dalili za hatari. Kwenye jaribio la EXIST-1 asilimia 35 ya waliopewa walipungukiwa na angalau nusu ya ujazo, dhidi ya 0 ya waliopewa kidonge bandia, lakini inachukua wiki na miezi. Akianzishwa, kiwango cha damu kabla ya dozi kiwe 5 hadi 15 ng/mL na MRI irudiwe baada ya takriban miezi 3, kwa sikwensi zile zile. Ikiachwa, uvimbe mara nyingi hurudi kukua.

MwanaUsingizi

Na kama atawekewa shanti (mrija wa kutoa maji ya ubongo) ya kurekebishwa kwa sumaku, andika namba ya mpangilio wake kabla ya kila MRI, na mtu wa upasuaji aipime tena baada ya mashine, kabla mtoto hajatoka jengoni. Vivyo hivyo kifaa cha neva ya vagasi (kinachopunguza kifafa kwa umeme): modeli ijulikane, mkondo uwekwe sifuri kabla ya kuingia, na uwashwe tena kwa mpangilio wa awali akitoka. Kinachosahaulika mara nyingi ni huko kuwasha.